UZI: Vipuri vya kompyuta ya kuhariri video ya 4K. Anza na faili la kamera, kadi ya picha baadaye

#1 Fundi_Kibao

Wakuu, salaam. Swali la "nina milioni tatu na nusu, nifunge mashine gani ya kuhariri video" linarudi kila wiki, na kila wiki majibu yanaanzia kwenye kadi ya picha. Mwishowe mtu anafunga kompyuta ya magemu, anatupia faili za Sony kwenye taimulaini, na video inakwama kama foleni ya Mbagala jioni. Kisha kadi inalaumiwa, na kadi haina kosa.

Jambo la kwanza ni kujua kamera yako inaandika faili la aina gani. Pakua MediaInfo (ni ya bure), buruta faili moja la kamera ndani yake, angalia mistari minne:

Format: ikisema AVC hiyo ni H.264, ikisema HEVC hiyo ni H.265.
Chroma subsampling: 4:2:0 au 4:2:2.
Bit depth: 8 au 10.
Frame rate mode: Constant au Variable.

Kwa nini mistari hii iamue vipuri? H.264 na H.265 za kamera nyingi hazihifadhi kila fremu nzima. Zinahifadhi fremu moja kamili, halafu zinazofuata zinaandika mabadiliko tu. Ukiburuta mshale katikati ya klipu, kompyuta inabidi irudi kwenye fremu kamili ya nyuma ipige hesabu mpaka ifike ulipo. Kazi hiyo ina injini yake maalumu ndani ya kadi ya picha au ndani ya prosesa ya Intel yenye picha za ndani (Quick Sync). Injini ikilijua faili, mashine ya kawaida tu inateleza. Isipolijua, mzigo wote unaangukia viini vya prosesa, na hapo hata prosesa ya bei mbaya inatoa jasho.

4:2:0 inatunza taarifa ya rangi kwa robo ya pikseli, 4:2:2 kwa nusu. Kwa jicho tofauti ni ndogo, kwa injini ni kubwa:

4:2:0 ya H.264 8-bit, na ya H.265 8-bit au 10-bit: karibu kila kadi ya miaka ya karibuni inafungua. Hapa wamo droni nyingi za DJI na iPhone.

4:2:2 10-bit ya H.265 (Canon R5 na R6 zikiwa kwenye Canon Log, yaani rangi bapa ya kurekebishwa baadaye, kwa mfano): kadi za NVIDIA za RTX za mfululizo wa 20, 30 na 40 hazifungui. Radeon za AMD hazifungui. Intel inafungua kuanzia kizazi cha 11. RTX za mfululizo wa 50, zilizotoka 2025, nazo zinafungua.

Kwa hiyo kwa mwenye faili za aina hiyo, i5-12500 bila kadi kabisa inaweza kucheza klipu laini kuliko Ryzen 9 yenye RTX 4070. Najua wengine hapa watachukia, lakini ndivyo ilivyo.

Halafu HERUFI. Prosesa ya Intel inayoishia na F (12400F, 13400F) haina picha za ndani, maana yake haina Quick Sync. Tofauti ya bei ni ndogo, na wauzaji wengi wanaleta F kwa sababu wateja wao ni wacheza magemu. Soma boksi.

Tena 12400 na 13400 zina UHD 730 yenye injini moja ya video. 12500, 13500, 14500 na 12700 zina UHD 770 yenye injini mbili. Kwa mwenye kamera mbili kwenye taimulaini moja, mbili ni bora.

Pendekezo la msingi: i5-13500 (viini 14), madabodi ya B760 ya DDR4, RAM GB 32 kwa vijiti viwili vya 16, RTX 3060 ya GB 12, NVMe (SSD za kasi) mbili, diski ya TB 4 ya kuhifadhia, pawa saplai halisi ya wati 650. Karibuni mchambue.

---

#2 Mpaka_Rangi

Mkuu, uzi mzuri, ila umeacha shimo moja kubwa na wapiga harusi wengi watadumbukia humo humo.

Umesema 4:2:2 ya H.265. Sony A7 IV ina familia tatu za 4K na watu wanazichanganya:

XAVC S ni H.264. Ukiweka 4K 25p 4:2:2 10-bit, inaandika Mbps 140 (megabiti kwa sekunde).
XAVC HS ni H.265.
XAVC S-I ni H.264 pia, lakini kila fremu inajitegemea. 4K 25p ni Mbps 250.

Quick Sync inafungua XAVC HS vizuri. XAVC S ya 4:2:2 10-bit HAIFUNGUI, kwa sababu Intel hawakuweka H.264 ya 4:2:2 10-bit kwenye injini ya prosesa hizi. Na huku kwetu kamera zimewekwa PAL (mfumo wa fremu 25 na 50), ambako XAVC HS ya 4K haina 25p. Inakupa 50p. Tena 4K 50p kwenye A7 IV inakata picha hadi Super 35, lenzi yako ya 24mm inaona kama 36mm. Basi aliyezoea 25p anajikuta kwenye XAVC S bila kujua, ananunua Intel kwa ushauri wa jukwaani, na video bado inakwama.

Njia za kutoka ziko nne:

1. Piga XAVC S-I. Faili ni nzito kwenye diski lakini nyepesi kwa prosesa, maana hakuna kurudi nyuma kutafuta fremu kamili. Viini 14 vya 13500 vinatosha kabisa.
2. Hamia NTSC (mfumo wa fremu 24, 30 na 60), chukua XAVC HS 4K 24p, shata 1/50. Taa zetu ni za Hz 50, zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1/50 inakula mipepeso miwili kamili na mistari haionekani. Ukiacha shata ya 1/60 utaiona mistari ikitembea ukutani mwa ukumbi.
3. Baki 8-bit 4:2:0 kama hupigi S-Log (rangi bapa ya Sony). Harusi ya mchana kwenye rangi ya kawaida ya kamera haihitaji 10-bit.
4. Nunua RTX ya mfululizo wa 50. Injini yake inafungua 4:2:2 ya H.264 na ya H.265. Hakikisha draiva na programu yenyewe ni za matoleo mapya, kwani programu za kabla ya kadi hizo haziijui injini hiyo.

Panasonic GH5 ni kisa kile kile: 4K 25p 10-bit 4:2:2 yake ya Mbps 150 ni H.264.

---

#3 Fundi_Kibao

@Mpaka_Rangi sahihi kabisa, na nimekubali kurekebishwa. Kwa hiyo wenye A7 IV wanaong'ang'ania XAVC S 25p: badala ya RTX 3060 GB 12 tazameni RTX 5060. Lakini ina GB 8 tu, na inatumia njia 8 za PCIe. Kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 itapungua nguvu kidogo. 5060 Ti ya GB 16 ndiyo tamu, mfuko ukiruhusu.

Kumbukumbu ya kadi ina kazi gani? DaVinci Resolve (programu ya kuhariri) inafanya karibu kila kitu ndani yake. 4K yenye noodi (hatua) chache za rangi inakaa GB 8. Ukiongeza kupunguza chenga na vipande viwili vya Fusion (sehemu yake ya athari), unaona ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU imejaa na renda (kutoa video ya mwisho) inakatika katikati. Premiere ni mpole zaidi kwenye hilo.

---

#4 Binti_Tanga

Naomba kuuliza wakuu. Natumia DaVinci Resolve ya bure. Haya ya Quick Sync yananihusu?

---

#5 Mpaka_Rangi

@Binti_Tanga nusu yake, dada. Toleo la bure kwenye Windows halikupi uharakishaji kamili wa H.264 na H.265, na faili nyingi za 10-bit za Sony zinafunguka kwa shida au zinaonyesha sauti bila picha. Hiyo si hitilafu ya kompyuta. Studio ni dola 295, unalipa mara moja, na kwa mtu wa faili hizi ni kipuri kama vipuri vingine. Iweke kwenye bajeti TANGU MWANZO, kabla hujapanda kutoka i5 kwenda i7.

Kama hiyo dola 295 haipo, geuza faili kwanza kwa Shutter Encoder (bure) kwenda ProRes au DNxHR (faili nzito kwenye diski lakini nyepesi kwa prosesa), hariri humo. Gharama yake ni nafasi ya diski: ProRes 422 ya 4K 25p inakula takriban GB 220 kwa saa. Ukitaka proksi (nakala nyepesi ya kuhariria) tu, ProRes Proxy ya 1080p 25 ni kama GB 17 kwa saa, na hata kompyuta ya miaka minane inaicheza. Toleo la bure linatoa mpaka 3840×2160 kwa fremu 60, hivyo upande wa YouTube hukosi kitu.

Kuhusu Premiere: Preferences, kisha Media, weka alama kwenye "Enable hardware accelerated decoding", chagua Intel au NVIDIA kulingana na faili lako, funga programu uifungue upya. Resolve Studio: Preferences, System, Decode Options.

---

#6 Kariakoo_Spea

Mimi naleta kitu ambacho watu wanakiweka mwisho wakati ndicho kinachounguza vingine vyote: PAWA SAPLAI.

Boksi linasema 600W. Usisome boksi, soma kibandiko cha pembeni, safu ya +12V. Prosesa na kadi ya picha zinakula kwenye +12V karibu peke yake. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai halisi ya wati 650 ina takriban ampea 54 kwenye +12V, 54 × 12 = 648. Zile za bei ya chee unakuta +12V ni ampea 18. Hiyo ni wati 216, haijalishi wamechora moto gani kwenye boksi. Ishara nyingine ni uzito: ukiinyanyua ikawa nyepesi kama kopo tupu, iache dukani.

Hesabu ya mashine ya #1: 13500 inaweza kufika wati 154 ikirenda, RTX 3060 wati 170, madabodi, RAM, diski na feni kama 60. Jumla 384. Wati 650 zinakupa nafasi ya kupumua na feni haipigi kelele. Kwenye daraja la ufanisi, Bronze inatosha, Gold ni starehe.

Usikubali fundi akuchomekee kadi kwa adapta ya SATA. Kichwa cha SATA kimejengwa kwa ampea 4.5 kwenye 12V, wati 54. Kichwa cha pini 6 kinaruhusiwa kuvuta 75, cha pini 8 kinavuta 150. Plastiki inayeyuka taratibu, harufu unaisikia siku ya kurenda saa tatu mfululizo.

Na pawa saplai zilizotoka Marekani zenye kiswichi chekundu nyuma cha 115/230: kiwe 230 KABLA ya kuchomeka ukutani. Kikiwa 115 utasikia mlio mmoja tu.

---

#7 Msanifu_254

Nakuunga mkono. Ongeza UPS hapo, kwa sababu hii mashine si ya kuachwa uchi kwenye umeme wa kukatika.

UPS inauzwa kwa VA, kompyuta inakula wati. Kwa zile za kawaida zidisha VA kwa 0.6. UPS ya 650VA ni wati 390 hivi. Mashine ya wati 384 pamoja na monita wati 35 imeshavuka. Umeme ukikatika katikati ya renda, UPS inalia mara moja na kuzima kila kitu, yaani ni kama hukuwa nayo. Chukua 1200VA kwenda juu, ya aina ya "line interactive" ili ipandishe na kushusha volti yenyewe bila kutumia betri kila dakika.

Jambo lisilosemwa sana: pawa saplai nzuri za siku hizi zina saketi ya PFC (ya kurekebisha uvutaji wa umeme), na baadhi yake hazipatani na UPS zinazotoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini. Dalili: umeme ukienda, UPS inasema iko kazini lakini kompyuta inazima. Kama duka linakubali, ijaribu na mashine yako ikiwa inarenda, sio ikiwa imekaa tu. Wenye sola na inveta za bei nafuu, hilo ni lenu pia.

UPS ni ya kukupa dakika tano uhifadhi kazi na kuzima. Sio ya kumalizia renda.

---

#8 Kijana_Mwanza

Na hizi mashine za mtumba kutoka Ulaya? Naona HP Z440 na Dell OptiPlex kila duka. Bei ni nusu.

---

#9 Fundi_Kibao

@Kijana_Mwanza zitenganishe, hazifanani.

OptiPlex na EliteDesk zile nyembamba: pawa saplai ni ndogo na ya umbo la kampuni, plagi zake kwenye madabodi si za kawaida, hivyo huwezi kuchomeka ya dukani bila adapta. Kadi inayoingia ni fupi ya kimo tena isiyozidi wati 75 za kwenye sloti. Kwa 1080p na picha za droni 4:2:0 inafaa, hasa ukipata i5 au i7 ya kizazi cha 8 kwenda juu yenye picha za ndani. Chini ya kizazi cha 8 Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 ilikoma kupewa masasisho Oktoba 14, 2025.

Z440 ni mnyama mwingine. Pawa saplai ya wati 700, sloti nane za RAM ya DDR4 ECC (inayosahihisha makosa) ambayo mtumba wake ni rahisi, chasisi ya kufungua bila bisibisi. GB 64 humo unazipata kwa bei ya kuridhisha. Tatizo: Xeon E5 hazina Quick Sync, na kiini kimoja kimoja ni cha polepole, maana ni za kizazi cha v3 na v4. Ukiweka RTX 3060, kumbuka vichwa vya umeme vya kadi humo ni vya pini 6, kadi nyingi zinataka pini 8. Inafaa kwa anayehariri ProRes, XAVC S-I au proksi. Kwa H.265 4:2:2 moja kwa moja, hapana.

Z420 na Precision T3600 achana nazo hata ukipewa kwa mkopo. Prosesa zake hazina maagizo ya AVX2, na Premiere za sasa zinayataka.

---

#10 Kariakoo_Spea

Kwa kadi za mtumba, fanyeni haya mbele ya muuzaji, dakika ishirini tu:

Fungua GPU-Z. Kadi iliyoandikwa upya jina (chipu ya kale inajitangaza GTX 1050 Ti) inaonekana na neno FAKE kwenye jina lake. Hakiki RTX 3060 ni ya GB 12 na basi ya biti 192. Kuna ya GB 8 yenye biti 128, jina moja, nguvu pungufu. Zipo pia zilizofungwa chipu za laptopu za GB 6.

Kisha isukume kadi kwa OCCT au Furmark dakika kumi na tano. Skrini ikitoa vidoti vya rangi au ikawa nyeusi, mrudishie. Angalia joto: ikipanda hadi 85 ndani ya dakika mbili, pasta imekauka. Hilo linatengenezeka, lakini litumie kushusha bei.

Prosesa za i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 za mtumba nazo zina kesi yake. Zilikuwa na hitilafu ya volti iliyozichakaza, Intel wakatoa marekebisho ya microcode 0x12B Septemba 2024 na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Mpya: sasisha BIOS kabla ya kuanza kazi. Mtumba: ningekwenda i7-12700 nilale usingizi.

---

#11 Mpaka_Rangi

Sasa tuje kwenye diski, kwa sababu hapa ndipo hesabu rahisi inapookoa pesa.

Gawa Mbps kwa 8 unapata MB kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 unapata GB kwa saa. Basi:

Mbps 100 = GB 45 kwa saa.
Mbps 140 = GB 63 kwa saa.
Mbps 250 = GB 112.5 kwa saa.

Harusi ya kamera mbili, kila moja saa sita, kwa Mbps 140 ni GB 756. Kwa XAVC S-I ni GB 1,350. Kazi MOJA. Mtu anayenunua SSD ya GB 500 "ataongeza baadaye" atakwama Jumapili asubuhi.

Angalia tena: kamera mbili za Mbps 140 zikicheza pamoja ni MB 35 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka inafika MB 150 bila shida. Kwa nini basi inakwama? Kwa sababu kichwa cha diski kinaruka kutoka faili hili kwenda lile, pamoja na mawimbi ya sauti na kashe (faili za muda). SSD haina kichwa cha kurusha. Lakini hesabu hiyo hiyo inakuambia kwamba NVMe ya MB 7,000 haikupi kitu ambacho ya MB 3,500 haikupi. Hiyo tofauti ya pesa iongeze kwenye ukubwa.

Mpangilio wangu: NVMe ya GB 500 kwa Windows na programu. NVMe ya TB 2 kwa kazi inayoendelea na kashe. Diski ya kuzunguka TB 4 au 8 kwa kazi zilizokwisha. Kashe ya Resolve ihamisheni kutoka C: (Project Settings, Master Settings, Working Folders), la sivyo itajaza Windows mpaka mashine ianze kugoma.

SSD ya kazi iwe ya chipu za TLC, siyo QLC. QLC inaandika haraka mpaka akiba yake ya ndani ijae, kisha baadhi zinashuka karibu MB 100 kwa sekunde, chini ya diski ya kuzunguka. Utaliona unapomwaga kadi ya GB 256: nusu ya kwanza inaruka, nusu ya pili inatambaa. Acha asilimia 15 hadi 20 wazi.

Diski ya kuzunguka iwe CMR (nyimbo zisizolaliana). Barracuda ya TB 4 (ST4000DM004) ni SMR, nyimbo zake zimelaliana kama vigae. Kuandika juu ya data ya zamani ni mateso. IronWolf, WD Red Plus na WD Purple ni CMR, na Purple zinapatikana kila duka la kamera za ulinzi. Mtumba: CrystalDiskInfo, tazama saa ilizowaka na mstari wa Reallocated Sectors. Ukizidi sifuri, asante na kwaheri.

Na nakala ya pili ya harusi ya mtu iwe diski ya nje, nyumba nyingine ikiwezekana.

---

#12 Binti_Tanga

Na RAM? Bei zimekuwa za ajabu.

---

#13 Fundi_Kibao

Zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za AI. Ndiyo sababu nimependekeza B760 ya DDR4: prosesa hizi za 12 hadi 14 zinakubali DDR4 au DDR5 kutegemea madabodi, na kwa kuhariri video tofauti ya kasi haionekani kama tofauti ya wingi. GB 32 za DDR4 ni bora kuliko GB 16 za DDR5. Angalia jina la madabodi mpaka mwisho: B760M DS3H DDR4 na B760M DS3H ni bodi mbili tofauti, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine, tundu liko sehemu nyingine.

GB 16 ni za kubanana. Resolve wenyewe wanataka 32 ukigusa Fusion. After Effects inameza chochote utakachoipa, hapo ndipo 64 ina maana.

Vijiti viwili, siyo kimoja. Sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP (kasi kamili ya RAM), vinginevyo kijiti cha 3200 kinatembea 2666 au chini na hutajua. Baada ya hapo MemTest86 usiku mmoja. Kosa moja tu ni kosa, rudisha kijiti. RAM mbovu haizimi mashine, inaharibu faili kimya kimya.

Madabodi ya H610 iepukeni. Sloti mbili za RAM, tundu la NVMe (M.2) mara nyingi moja.

---

#14 Msanifu_254

Kwa wa Mombasa, Dar, Tanga: joto la chumba ni nyuzi 32 kabla hujawasha chochote. Kasha la kioo mbele ni jiko. Chukua lenye wavu mbele, feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa nyuma, ili hewa itoke kwenye nyufa badala ya kuingia na vumbi. Wavu uoshwe kila mwezi. Feni ya boksi la 13500 itatosha lakini itapiga kelele unaposikiliza sauti. Kipoza cha mnara kama Thermalright Peerless Assassin 120 SE kinatuliza, kimo chake ni mm 155, pima kasha kwanza.

Karibu na bahari, chumvi. Usiiweke dirishani.

---

#15 Kijana_Mwanza

Swali dogo: video za simu, sauti inaachana na midomo kadiri klipu inavyosonga. Ni kadi?

---

#16 Mpaka_Rangi

Hapana. Rudi mstari wa nne wa MediaInfo: Variable. Simu inabadilisha idadi ya fremu kila mwanga unapobadilika. Pitisha kwenye HandBrake, ukurasa wa Video, chagua Constant Framerate na 25 au 30, ndipo uingize. Hakuna kipuri cha kuponya hilo.

---

#17 Mdau_Dom

Wakuu nimefunga kama #1: B760 DDR4, GB 32, RTX 3060 GB 12, UPS 1200VA. Faili ni Canon R6, HEVC 4:2:2 10-bit. Bado inakwama, prosesa iko asilimia 95. Task Manager, Performance, naona GPU moja tu ya NVIDIA, na grafu yake ya Video Decode iko sifuri.

---

#18 Fundi_Kibao

Ingekuwa sawa ungeona GPU mbili: Intel UHD na NVIDIA. Ingia BIOS, tafuta "iGPU Multi-Monitor" (ASUS), "IGD Multi-Monitor" (MSI) au "Internal Graphics" (Gigabyte), weka Enabled. Madabodi nyingi zinazima picha za ndani zikiona kadi imechomekwa. Kisha weka draiva ya Intel. Monita ibaki kwenye kadi.

---

#19 Mdau_Dom

Hicho kipengele hakipo kabisa kwenye BIOS yangu.

---

#20 Kariakoo_Spea

Prosesa inaishia na herufi gani?

---

#21 Mdau_Dom

13400F. Muuzaji alisema ni ile ile.

---

#22 Kariakoo_Spea

Basi usiibandue kwanza. Kama boksi na risiti unavyo, mrudie akubadilishie na 13500, ongeza tofauti. Soketi ni LGA1700 ile ile, hubadilishi kingine zaidi ya pasta. Akikataa, tengeneza proksi za 1080p usiku uhariri nazo mchana, ukirenda programu inarudi yenyewe kwenye faili halisi. GB 17 kwa saa, NVMe yako inazibeba.